Madaftari ya Deni: Lipi la Kubaki Nalo, Lipi la Kulifunga

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima)

  Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana daftari na kalamu, maana somo la leo lina hesabu, na hesabu ya kusikia tu hupita kama maji ya mfereji.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mikopo mingi mkononi mwa mtu mmoja. Kabla sijaendelea, naomba kila mtu atoe alichonacho akiweke mezani. Kadi ya benki iko wapi? Laini za simu ni ngapi? Kitabu cha SACCOS, kitabu cha kikoba, na ile karatasi ya duka la pembejeo iliyofungwa kwenye pindo la kanga, vyote vitoke. Usione haya, wenzako nao wanatoa. Mwalimu, wape dakika mbili.

Vizuri. Sasa vitazame. Kila kimoja kati ya hivyo ni mlango. Kupitia mlango huo fedha zaweza kuingia nyumbani mwako, na kupitia mlango huo huo zaweza kutoka wewe ukiwa umelala. Mtu mwenye milango sita apaswa kujua ufunguo wa kila mlango uko kwa nani. Wengi wetu hatujui.

Jambo hili si letu peke yetu, wala si la leo. Mwaka 1958 benki moja ya Marekani, Bank of America, ilipeleka kadi za mkopo kwa posta katika mji wa Fresno, jimbo la California. Kadi zilizopelekwa zilikuwa kama 60,000, na watu wale hawakuwa wameziomba. Mtu alifungua barua akakuta kadi, tayari ina jina lake, aende dukani akachukue vitu. Wengine walilipa, wengine hawakulipa, na wezi nao wakapata kazi. Haikupita miaka mingi, mwaka 1970, nchi ile ikapitisha sheria ya kukataza kupelekea watu kadi ambazo hawakuziomba.

Nimewatolea mfano huo kwa sababu mambo ya Fresno yanafanana na ya simu yako. Unakaa chini ya mti unakula muhogo, simu inalia, unasoma: umepewa nafasi ya kukopa kiasi fulani, bonyeza hapa. Hukuomba. Hakuna aliyekuja kuona shamba lako wala kukuuliza una watoto wangapi wanaosoma. Kuwa na nafasi ya kukopa si sawa na kuwa na fedha, lakini ujumbe ule umeandikwa kana kwamba ni mamoja.

Sasa tufanye yupo mkulima mmoja wa mpunga hapa kwetu. Sitampa jina, maana kila nitakalompa litakuwa la jirani wa mtu. Tufanye ni mwezi wa Machi. Mpunga umesimama majarubani, bado miezi mitatu kuvunwa, na nyumbani fedha hakuna. Mkulima huyu ana madeni matano. Andikeni.

La kwanza ni la simu. Alipewa Sh. 50,000, atalipa Sh. 57,500 kwa muda wa siku 30. La pili ni la kikoba. Alipewa Sh. 100,000, atarudisha Sh. 110,000 baada ya miezi mitatu. La tatu ni la SACCOS, Sh. 400,000, riba yake asilimia 2 kwa mwezi juu ya fedha iliyobaki. La nne ni la duka: alichukua mbolea ambayo kwa fedha taslimu ni Sh. 150,000, akaahidi kulipa magunia matatu ya mpunga wakati wa mavuno, miezi minne baadaye. La tano ni la mkopeshaji wa mtaani. Alipewa Sh. 100,000, atalipa Sh. 130,000 mwezi ukiisha. Hesabu hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya somo. Mkipata nafasi wekeni za kwenu.

Ukimwuliza mkulima wetu lipi ni deni zito, atakujibu upesi: la SACCOS, maana ni 400,000. Hapo ndipo anapokosea, na ndipo wengi wetu tunapokosea. Ukubwa wa deni ni jambo moja, na ulaji wa deni ni jambo jingine. Ng'ombe mkubwa aliyefungwa kamba hali mazao kama kuku kumi waliofunguliwa.

Twawezaje kuyapima madeni haya kwa kipimo kimoja, kama tunavyopima mpunga kwa debe? Fanyeni hivi. Kwa kila deni jiulize: kwa kila Sh. 10,000 niliyopewa, kwa mwezi mmoja, nalipa nyongeza shilingi ngapi? Basi. Usiulize asilimia, usiulize ada inaitwaje. Wengine huita riba, wengine ada ya huduma, wengine gharama ya fomu, na wapo wanaoikata kabla hawajakupa, ukatia saini 100,000 ukapewa 90,000 mkononi. Wewe hesabu uliyopewa mkononi na utakayolipa, hayo mengine ni majina.

Haya, tupime. Simu: nyongeza ni 7,500 kwa 50,000, kwa hiyo kila elfu kumi yalipa Sh. 1,500 kwa mwezi. Kikoba: nyongeza ni 10,000 kwa laki moja, yaani elfu kumi yalipa 1,000 kwa miezi mitatu, ambayo ni kama Sh. 333 kwa mwezi. SACCOS: Sh. 200. Mkopeshaji wa mtaani: Sh. 3,000.

Narudia. SACCOS 200, mkopeshaji wa mtaani 3,000. Lile deni la laki nne lililomnyima usingizi ndilo la upole kuliko yote, na lile la laki moja ndilo linalomtafuna.

Deni la mbolea nimeliacha makusudi, kwa kuwa lina hila yake. Magunia matatu ni shilingi ngapi? Ikiwa bei wakati wa mavuno ni Sh. 65,000 kwa gunia, atakuwa amelipa 195,000 kwa mbolea ya 150,000. Nyongeza ni 45,000, yaani kila elfu kumi imelipa 3,000 kwa miezi minne, au 750 kwa mwezi. Lakini bei ikiwa 80,000, atakuwa amelipa 240,000, na kila elfu kumi imelipa 1,500 kwa mwezi. Deni ni lile lile, mbolea ni ile ile, karatasi ni ile ile. Bei ikipanda, ambayo ni furaha ya kila mkulima, yeye ndiye anayelia. Tena mwenye duka akija na gunia la lumbesa, hesabu yote niliyowapa haina kazi, maana hatujui tena gunia ni kilo ngapi. Kwa hiyo ukikopa pembejeo, omba liandikwe deni la shilingi. Akikataa kabisa, basi ziandikwe kilo, wala si magunia.

Sasa twende kwenye uamuzi. Mkulima wetu ameuza mbuzi, amepata Sh. 135,000. Alipe nani?

Nitawaambia atakavyofanya asipofundishwa. Atalipa simu kwanza, kwa sababu simu inapiga kelele. Kila siku ujumbe: lipa, lipa. Mkopeshaji wa mtaani hanyanyui sauti, hupita na pikipiki akasalimia watoto. Basi atalipa simu 57,500, na zile 77,500 zilizobaki atampa mkopeshaji, deni la mkopeshaji libaki 52,500. Mwezi unaofuata, kwa nyongeza ile ile ya elfu tatu kwa kila elfu kumi, deni hilo litaongezeka Sh. 15,750.

Akifundishwa atafanya hivi. Atamlipa mkopeshaji 130,000 zote siku hiyo hiyo, adai karatasi yake, aichane mbele ya mkewe. Sh. 5,000 iliyobaki ailipe kwenye simu, deni la simu libaki 52,500. Mnaona? Kilichobaki ni 52,500 vile vile. Lakini hiki, kwa nyongeza ya 1,500 kwa kila elfu kumi, kitaongezeka Sh. 7,875 tu, yaani nusu. Hakuchuma hata senti moja zaidi, ila amebadili mpangilio wa kulipa. Kelele ataendelea kuzisikia mwezi mzima, nazo hazina budi kuvumiliwa.

Tahadhari moja. Fedha ya mbuzi asiipokee kwa simu. Mikopo mingi ya simu hujikata yenyewe fedha ikiingia, na hapo uamuzi si wako tena. Aipokee mkononi.

Mwalimu, hapa simamisha. Wanafunzi wafanye hesabu ya deni moja la kwao, halafu tuendelee.

Haya. Nimesema juu ya kulipa. Sasa juu ya kufunga, maana kulipa deni na kufunga mlango ni kazi mbili.

Katika vyote mlivyoweka mezani, kipo kimoja ambacho wengine hamkukitoa, kwa sababu hakiko mfukoni mwenu. Nazungumza juu ya kadi ya benki iliyowekwa rehani. Walimu mnanisikia, wastaafu mnanisikia. Mtu anakopa, mkopeshaji anachukua kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, mwisho wa mwezi anakwenda yeye kwenye mashine kutoa mshahara wa mwenziwe, anakata chake, anamrudishia kilichobaki kama anavyompa mtoto hela ya madaftari. Wapo waliokaa hivyo miaka. Watu wameipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu, na jina hilo halikutoka kwa mshairi.

Hiyo ndiyo kadi ya kushughulikia kwanza kabla ya nyingine zote. Nenda benki na kitambulisho chako, waambie kadi haiko mikononi mwako na namba ya siri inajulikana na mtu mwingine. Benki itaifunga na kukupa nyingine. Usidhani kwamba deni limekufa, la, deni liko pale pale, nawe ulikopa. Mwite mkopeshaji, mkae mbele ya mtendaji wa kijiji, mwandike kiasi kilichobaki na utakavyolipa, kila mtu abaki na nakala. Mwulize pia leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mtu anayefanya kazi ya kukopesha awe na leseni, na kanuni zake za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wasiopokea amana, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kipimo chetu, hiyo ni Sh. 350 kwa kila elfu kumi. Yule wa mfano wetu alikuwa anachukua 3,000, zaidi ya mara nane. Aghalabu mtu wa namna hii akisikia neno leseni huwa mpole.

Kadi nyingine ni ya benki usiyoitumia. Hii haikukopeshi chochote, ni kadi ya kutolea fedha yako mwenyewe, lakini akaunti yake huweza kukatwa ada kila mwezi. Hapa najitaja mimi. Nilipoajiriwa nilipangiwa wilaya nyingine, nikafungua akaunti huko. Nilipohamishwa nikafungua nyingine katika benki nyingine, ile ya kwanza nikaiacha na Sh. 86,000 nikisema hiyo ni akiba ya dharura. Dharura ikaja baada ya miaka mitatu na ushei, usiku, mtoto anaumwa. Nikakimbilia mashine, nikakuta karibu na sifuri. Hakuna mwizi aliyeingia. Ada ilikuwa ikila mwezi kwa mwezi, na masharti yake nilitia saini mwenyewe bila kuyasoma, mimi ninayefundisha watu kusoma. Usiku ule mke wangu alitoa fedha kwenye mtungi, na hakusema neno, jambo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo kadi isiyo na kazi ifungwe. Si kuitupa wala kuikata kwa mkasi tu, maana akaunti haiko ndani ya plastiki. Nauli ya kwenda Mafinga au Rujewa si ndogo, najua, hasa kwa barabara yetu hii. Basi siku ukiwa na safari nyingine pitia tawini, jaza karatasi ya kufunga akaunti, toa kilichobaki, na omba uthibitisho wa maandishi. Wakala wa kibandani hawezi kukufungia, yeye ni wa kuweka na kutoa.

Juu ya laini za simu, sikilizeni vizuri, kwa sababu uvumi ni mwingi. Kuna wanaosema: vunja laini, deni limekwisha. Si kweli. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na tangu Januari 20, mwaka 2020 zilianza kuzimwa zile zisizosajiliwa hivyo. Deni ni la mwenye kitambulisho, halikai ndani ya laini. Tena benki na wakopeshaji wenye leseni hupeleka habari za wakopaji mahali zinapotunzwa, na siku utakapoomba mkopo wa trekta ya mkono wanaweza kutazama wakakuta ulimkimbia mtu kwa Sh. 20,000.

Fanyeni hivi. Pigeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Ukikuta laini usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni ile ikaondolewe, kwa sababu mtu anaweza kufanya hila kwa jina lako. Zile zako, chagua. Laini ambayo mwanao aliyeko mjini hutumia kukupelekea fedha, na wanunuzi wa mpunga wanaijua, hiyo usiifunge. Unaweza kubaki na laini ukaacha mkopo wake. Piga simu kwa huduma ya wateja, waulize namna ya kujiondoa katika huduma ile ya kukopa. Ukiona una mikopo ya simu kwenye laini mbili au tatu, ya kubaki nayo isizidi moja, kwa ajili ya usiku wa ugonjwa. Mtu mwenye tatu hukopa hapa kulipa pale. Nilifanya hivyo mwaka mmoja, na hesabu yake nikiiandika hapa redio itazima kwa aibu.

Programu za mikopo zinazopakuliwa kwenye simu kubwa ni jambo jingine. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii huomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako, ukichelewa huwapigia shemeji zako na mchungaji wako. Hapo sina cha kupima. Kama ipo, iondoe, na vijana wenu waambieni.

Sasa kipi kibaki? Mimi nasema kitabu cha SACCOS kibaki, hata kama leo huna deni. Vyama vingi humkopesha mwanachama kwa kutazama akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu, na akiba ya miaka saba haijengwi tena kwa mwaka mmoja. Ukijitoa leo kwa hasira ya mkutano mmoja, utarudi kama mgeni. Tena kumbuka, ikiwa umemdhamini mwenzako huwezi kujitoa hivi hivi, akiba yako imefungwa na deni lake. Wengine hawajui kwamba wamedhamini. Waliambiwa tia saini hapa, wakatia. Jumatatu nendeni mkaulize.

Kikoba kibaki kimoja. Nawajua akina mama walio katika vikoba vitatu, kila Alhamisi wanakimbia kama wanawinda. Ubaki na kile ambacho daftari lake husomwa kwa sauti mbele ya wote, na sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu. Faida ya kikoba ni kwamba ile nyongeza uliyolipa hurudi kwenu wenyewe siku ya kugawana. Lakini usitoke katikati ya mzunguko, subiri kigawanywe.

Na duka la pembejeo? Hapa watu wa Madibira mna njia ambayo wengine hawana. Mpunga ukishavunwa, badala ya kuuza wote Juni kwa bei ya chini, sehemu yaweza kuwekwa ghalani kwa stakabadhi, kwa utaratibu wa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na stakabadhi ile ikawa dhamana ya mkopo. Atakayefanya hivyo msimu mmoja, akatenga fedha ya mbolea bei ikipanda, msimu wa pili haendi dukani na karatasi. Lakini ni lazima kwanza alipe yale magunia matatu, hapana njia ya mkato.

Jambo la mwisho la darasani. Leo usiku, kila mmoja aonyeshe orodha yake kwa mwenziwe wa nyumbani, mume kwa mke, mke kwa mume. Najua ugumu wake. Nimewahi kukaa na mume na mke waliokuwa na madeni kwa mtu yule yule, kila mmoja kwa siri, na mtu yule akizipokea fedha za wote wawili kutoka katika gunia moja la mpunga. Jaruba liko kwa jina la mmoja, lakini likiuzwa wanahama wote.

Kazi ya kuandika: chora mistari mitano daftarini. Jina la deni, nilichopewa mkononi, nitakacholipa, miezi mingapi, na nyongeza kwa kila elfu kumi kwa mwezi. Panga kuanzia linalokula zaidi. Mbele ya kila moja andika neno moja tu, kubaki au kufunga, na tarehe utakayokwenda. Mwalimu ayatazame yote kabla ya somo lijalo, Alhamisi saa kumi na moja jioni, na asiyependa majina ya wadai wake yaonekane aandike A, B, C.